Lugha ya Kuombana Huduma ndani ya Tarakilishi: Kiini cha Mfumo Endeshi na Famuwea

Utangulizi

Mijadala mingi kuhusu Kiswahili na teknolojia ya habari imejikita katika kile kinachoonekana kwenye kiwambo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kazi za ofisi ambayo menyu na maelekezo yake yalikuwa kwa Kiswahili. Katika muongo uo huo, kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya baadhi ya programu zake. Hatua hizo zilikuwa na manufaa makubwa kwa lugha. Hata hivyo, ziligusa uso wa tarakilishi tu. Chini ya uso huo mna mawasiliano mengine ambayo mtumiaji hayaoni wala hayasikii, na ambayo ni nadra kufafanuliwa kwa Kiswahili.

Makala haya yanashughulikia sehemu moja ya mawasiliano hayo, nayo ni namna kiini cha mfumo endeshi kinavyoiomba famuwea huduma katika prosesa za aina mbalimbali. Hoja inayotetewa ni kwamba maana ya ombi haimo katika neno au nambari inayotumwa peke yake, bali imo katika makubaliano kuhusu mahali neno hilo linapowekwa na jinsi linavyosomwa. Mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili anaifahamu vyema kanuni hii hata kama hajawahi kuifungua tarakilishi. Tofauti ni kwamba makubaliano yanapovunjwa ndani ya mashine, hasara yake si kosa la kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mashine nzima huweza kukataa kuwaka tena.

Wahusika Wawili

Mtu anapobonyeza kitufe cha kuwashia tarakilishi, programu ya kwanza kuamka si Windows wala Linux. Inayoamka kwanza ni programu iliyowekwa na mtengenezaji katika chipu ya kumbukumbu kwenye ubao mkuu wa mashine. Programu hiyo haipotei umeme unapozimwa. Hii ndiyo famuwea. Inasimama katikati ya maunzi yanayoshikika na programu za kawaida zinazoweza kuwekwa na kufutwa na mtumiaji. Kazi yake ya awali ni kukagua kumbukumbu, kuvitambua vifaa, kuutafuta mfumo endeshi katika diski na kuukabidhi mashine.

Mhusika wa pili ni kiini, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu na muda wa prosesa kwa programu nyingine zote. Mifano mingi katika makala haya inatokana na kiini cha Linux. Sababu ni kwamba msimbo wake uko wazi kwa kila mtu anayetaka kuusoma, na kwamba kiini hicho hutumika katika prosesa za aina nyingi, kuanzia simu za Android hadi tarakilishi kubwa za utafiti.

Huenda msomaji akauliza: iwapo kiini kimekwisha kukabidhiwa mashine, kina haja gani tena na famuwea? Jibu ni kwamba kuna mambo ambayo mtengenezaji wa ubao pekee ndiye ayajuaye. Mpangaji anayehamia katika nyumba ya kupanga ana uhuru wa kupanga samani zake atakavyo, lakini hajui bomba la maji limepita wapi ukutani. Maji yakikatika, humwita msimamizi wa nyumba. Vivyo hivyo, kiini huiita famuwea kisome saa ya mashine, kihifadhi maagizo ya uwashaji yasiyopotea umeme ukizimwa, kiziamshe prosesa nyingine zilizolala, au kiizime mashine kabisa. Kila ubao una njia yake ya kuyatekeleza hayo. Famuwea hulificha tofauti hizo nyuma ya huduma zenye umbo moja.

Kanuni ya Nafasi

Ili kuelewa jinsi ombi linavyotumwa, ni muhimu kwanza kuelewa rejista. Katika isimujamii, rejista ni mtindo wa lugha unaotegemea muktadha, kwa mfano rejista ya mahakamani au ya hospitalini. Katika tarakilishi, rejista ni kijisanduku kidogo sana ndani ya prosesa kinachohifadhi nambari moja kwa wakati mmoja. Prosesa huwa na rejista chache zenye majina maalumu. Kipande kimoja cha programu kinapokiita kingine, hutia vigezo vya ombi katika rejista hizo. Kigezo ni taarifa inayohitajika ili ombi litekelezwe, kama vile jina la kitu kinachotafutwa au mahali pa kuliweka jibu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba rejista hazina alama inayosema kilichomo ni nini. Ndani mna nambari tupu. Anayepokea ombi hujua maana ya nambari hiyo kwa kuangalia iko katika rejista gani. Hapa ndipo mofolojia ya Kiswahili inapotoa mwanga. Tuchukue vitenzi viwili: ‘wanatupenda’ na ‘tunawapenda’. Mofimu za vitenzi hivi ni zile zile: wa, na, tu, na mzizi wenye maana ya kupenda. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Hata hivyo, mpendaji katika kitenzi cha kwanza amekuwa mpendwa katika cha pili. Mofimu ‘wa’ ikitangulia, ni kiambishi cha nafsi ya mtendaji; ikikaa baada ya kiambishi cha wakati, ni ya mtendwa. Nafasi ndiyo inayotoa maana.

Kanuni zinazosimamia nafasi hizo ndani ya tarakilishi tutaziita kaida ya wito. Kila kaida ya wito hubainisha mambo matatu. Kwanza, kila kigezo kinawekwa wapi. Pili, jibu litarudishwa wapi. Tatu, ni rejista zipi ambazo anayeitwa lazima azirudishe kama alivyozikuta, na ni zipi ambazo anaruhusiwa kuzivuruga. Kaida hizi hutofautiana kutoka prosesa moja hadi nyingine na, kama itakavyobainika, hata ndani ya prosesa ya aina moja.

BIOS: Wito kwa Nambari

Jina BIOS lilianza kutumika katika miaka ya 1970 katika mfumo wa CP/M ulioandikwa na Gary Kildall. Lilipata umaarufu mkubwa baada ya kampuni ya IBM kutoa tarakilishi yake binafsi mwaka 1981. Katika mashine hiyo, huduma za famuwea ziliitwa kwa nambari kupitia amri ya ukatizaji, yaani amri inayoisimamisha programu inayoendelea na kuipeleka prosesa mahali pengine kwa muda. Kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ukatizaji nambari 10 ulihusu kiwambo, nambari 13 ulihusu diski na nambari 16 ulihusu kibodi. Nambari nyingine iliyotiwa katika rejista ya AH ilibainisha kazi mahususi ndani ya kundi hilo. Mpangilio huu unafanana na ule wa ngeli. Nambari ya kwanza hutaja kundi, ya pili hutaja mwanakundi.

Udhaifu wa BIOS ulitokana na mazingira ilimozaliwa. Iliandikiwa prosesa iliyofanya kazi kwa biti 16. Prosesa za baadaye zilipoleta hali iliyolindwa, ambamo kiini huzuia programu moja kuingilia kumbukumbu za nyingine, huduma za BIOS hazikuweza kuitwa moja kwa moja. Ilikuwa sawa na kumtolea mtu hodi katika nyumba aliyokwisha kuihama. Linux iliutatua mgogoro huu kwa kuuliza maswali yake mapema. Msimbo wake wa mwanzo, unaotekelezwa kabla ya kuingia katika hali iliyolindwa, huiomba BIOS orodha ya sehemu za kumbukumbu zinazoweza kutumiwa, huiandika kando, kisha huvuka. Katika ombi hilo, kiini hulazimika kutia herufi SMAP katika rejista ya EDX kama neno la siri, nayo famuwea huzirudisha herufi hizo hizo katika rejista ya EAX ili kuthibitisha kwamba imelielewa ombi. Huu ni mfano wa awali wa wahusika wasiojuana wanaohakikishiana kwamba wanazungumza lugha moja.

Open Firmware: Wito kwa Jina

Kampuni ya Sun Microsystems ilifuata njia tofauti katika tarakilishi zake zenye prosesa za SPARC. Famuwea yake, iliyoandikwa kwa lugha ya Forth, ilikuja kusanifishwa mwaka 1994 kwa nambari IEEE 1275 na kujulikana kama Open Firmware. Baadaye ilitumiwa na Apple katika tarakilishi za Power Macintosh na IBM katika seva zake. Hali kadhalika, ilitumiwa katika vipakatalishi vidogo vya XO vya mradi wa OLPC, ambavyo vilisambazwa kwa wingi katika shule za msingi za Rwanda.

Katika Open Firmware, kiini hupewa anwani moja tu ya kuitia huduma zote. Katika prosesa za PowerPC, anwani hiyo huwekwa katika rejista r5 wakati kiini kinapoanza. Kila kiini kinapotaka huduma, huandaa jedwali dogo katika kumbukumbu. Nafasi ya kwanza ya jedwali huelekeza kwenye jina la huduma lililoandikwa kwa herufi, kwa mfano ‘getprop’, huduma inayosoma sifa ya kifaa. Nafasi ya pili hutaja idadi ya vigezo, ya tatu hutaja idadi ya majibu yanayotarajiwa. Kisha hufuata vigezo vyenyewe na nafasi tupu za kujazwa majibu. Kwa kuwa idadi hutajwa wazi, anayeitwa hahitaji kukisia ombi limeishia wapi.

Mfumo huu haukuondoa matatizo yote. Kiini cha biti 64 katika PowerPC hulazimika kushuka hadi biti 32 kabla ya kuita, kisha kupanda tena kikisha kujibiwa. Aidha, kuna suala la mpangilio wa baiti. Nambari kubwa huhifadhiwa katika baiti kadhaa, na prosesa hutofautiana kuhusu baiti gani itangulie. Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa hali hii kinywani mwake. Kiswahili cha kila siku husema ‘ishirini na saba’, kikitanguliza makumi. Hesabu yenye asili ya Kiarabu, inayosikika hasa pwani usiku wa Ramadhani unapotajwa, husema ‘sabaa wa ishirini’, ikitanguliza mamoja. Kiasi ni kimoja, mpangilio umepinduka. Katika seva za IBM za Power, famuwea ya huduma iitwayo RTAS husoma kwa kutanguliza makumi, kama tukiendeleza mfano huu. Linux inapoendeshwa katika mpangilio unaotanguliza mamoja, kiini huigeuza kila nambari kabla ya kuituma na kuigeuza tena kila jibu linaporudi. Asiyegeuza hatapata ujumbe wa makosa. Atapata nambari nyingine kabisa, yenye sura halali.

Ni vyema kutaja urithi mmoja wa Open Firmware. Katika PowerPC, Linux huuliza maswali mengi kwa mkupuo mwanzoni, hunakili mti wote wa maelezo ya vifaa, kisha huagana na famuwea hiyo moja kwa moja. Mti huo wa vifaa, katika umbo lililobanwa, ndio unaotumika leo katika mashine nyingi za ARM na RISC-V.

UEFI: Prosesa Moja, Kaida Mbili

Katika miaka ya 1990, kampuni ya Intel ilihitaji famuwea mpya kwa ajili ya prosesa ya Itanium, kwa kuwa BIOS ya biti 16 isingefaa. Matokeo yalikuwa EFI, ambayo mwaka 2005 ilikabidhiwa muungano wa kampuni na kuitwa UEFI. Leo UEFI ndiyo famuwea ya kawaida katika tarakilishi za mezani na vipakatalishi. Huduma zake zimegawika mara mbili. Zipo huduma za uwashaji, ambazo hukoma kiini kinapoita ExitBootServices. Zipo pia huduma za kudumu, ambazo kiini kinaweza kuziita wakati wowote mashine ikiwa imewaka. Miongoni mwa huduma za kudumu ni GetTime ya kusoma saa, SetVariable ya kuhifadhi kigeugeu, yaani taarifa yenye jina inayobaki umeme ukizimwa, na ResetSystem ya kuiwasha mashine upya.

Mgogoro wa kaida hujitokeza wazi zaidi katika prosesa za x86-64. UEFI ilichagua kaida ya wito ya Microsoft. Linux, kwa upande wake, hutumia kaida iitwayo System V. Prosesa ni ile ile na rejista ni zile zile, lakini nafasi zimepangwa tofauti. Katika System V, vigezo sita vya kwanza hukaa katika RDI, RSI, RDX, RCX, R8 na R9, kwa utaratibu huo. Katika kaida ya Microsoft, vigezo vinne vya kwanza hukaa katika RCX, RDX, R8 na R9. Vinavyosalia huwekwa katika rundo, yaani sehemu ya kumbukumbu inayotumika kwa taarifa za muda. Isitoshe, anayeita lazima aache baiti 32 tupu katika rundo hilo kwa matumizi ya anayeitwa.

Tuangalie SetVariable, ambayo huhitaji vigezo vitano: anwani ya jina la kigeugeu, kitambulisho cha mwenye jina, sifa, ukubwa wa data, na anwani ya data yenyewe. Tuseme kiini kimeita kwa kaida yake bila kutafsiri. Anwani ya jina itakuwa katika RDI, mahali ambapo famuwea haitaangalia kamwe. Ukubwa wa data, kigezo cha nne, utakuwa katika RCX. Lakini RCX, kwa kaida ya famuwea, ni makao ya kigezo cha kwanza. Kwa hivyo ukubwa wa data, tuseme 12, utachukuliwa kuwa anwani ya jina, na famuwea itaanza kusoma jina katika anwani 12 ya kumbukumbu. ‘Wanatupenda’ imesomwa ‘tunawapenda’.

Suluhisho ni mkalimani. Kipande kifupi cha msimbo wa asembli katika Linux hupokea ombi lililopangwa kwa System V, huhamisha kila thamani hadi kwenye rejista inayotarajiwa, huacha zile baiti 32, huita, kisha huleta jibu kutoka rejista ya RAX. Vikusanyaji vya kisasa, yaani programu zinazogeuza msimbo wa mwandishi kuwa amri za prosesa, navyo vinaweza kuambiwa kwamba huduma fulani hufuata kaida ya Microsoft na vikaufanya ukalimani huo vyenyewe.

Kuna hali ngumu zaidi. Baadhi ya mashine, hususan tableti za bei nafuu, ziliuzwa zikiwa na prosesa ya biti 64 ilhali famuwea yake ni ya biti 32. Tangu mwaka 2014, Linux imekuwa na uwezo wa kuendesha mashine kama hizo. Kabla ya kila wito, vigezo vyote huwekwa katika rundo kama ilivyo desturi ya biti 32, na taarifa zote zinazohusika hulazimika kuwa chini ya kiwango cha gigabaiti 4, kwa kuwa famuwea haiwezi kutamka anwani iliyo juu ya hapo. Prosesa hushushwa hali, huduma huitwa, kisha hupandishwa tena. Hata jibu la kushindwa hutafsiriwa. UEFI huonyesha hitilafu kwa kuweka alama katika biti ya juu kabisa ya jibu, na biti ya juu kabisa katika nambari ya biti 32 si ile ya nambari ya biti 64. Kiini kisipoihamisha alama hiyo, kitadhani kwamba ombi lililokataliwa limekubaliwa.

Prosesa za ARM za biti 64 zina nafuu, maana kiini na famuwea hufuata kaida moja: vigezo hukaa katika rejista x0 hadi x7. Hata hivyo, kukubaliana juu ya sarufi si kukubaliana juu ya adabu. Rejista x18 imeachiwa kila mfumo uiamulie matumizi. Linux inaweza kuitumia kulinda orodha ya anwani za kurejea, ilhali famuwea nyingine huivuruga bila kujali. Kwa sababu hiyo, kila wito wa UEFI unapokwisha, kiini hulinganisha x18 na ilivyokuwa mwanzoni. Ikiwa imebadilika, huirejesha na kuandika lawama katika kumbukumbu za mfumo.

ARM na RISC-V: Hodi Mlangoni

Wito wa UEFI una sifa moja ambayo ni rahisi kuisahau. Kiini huingia katika msimbo wa famuwea na kuutekeleza kwa mamlaka yake chenyewe. Ni kama mgeni aliyekaribishwa hadi chumba cha ndani. Kosa la famuwea linaweza kuharibu kumbukumbu ya kiini, kwa kuwa hakuna ukuta kati yao. Prosesa za ARM na RISC-V zina njia ya pili ambayo msingi wake ni kubisha hodi.

Katika ARM, mamlaka yamegawanywa kwa ngazi. Programu za mtumiaji ziko EL0, kiini kiko EL1, na famuwea ya usalama iko EL3. Kiini hakiruhusiwi kuingia EL3. Hutia nambari ya huduma katika rejista ya kwanza, hutekeleza amri ya SMC, na prosesa yenyewe hufungua mlango. Huduma za kuwasha na kuzima prosesa, zijulikanazo kama PSCI, huitwa kwa njia hii. Nambari za huduma hizo hazikutungwa kiholela. Huduma ya kuamsha prosesa ni 84000003 kwa wito wa biti 32 na C4000003 kwa wito wa biti 64, katika hesabu ya msingi wa kumi na sita. Sehemu ya mwanzo ya nambari ni mithili ya kiambishi ngeli: biti moja husema huu ni wito wa haraka, nyingine hutaja iwapo ni wa biti 32 au 64, na kundi la biti zinazofuata hutaja mwenye huduma. Sehemu ya mwisho ni mithili ya mzizi, nayo haibadiliki.

RISC-V, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, hufuata mtindo unaokaribiana na huo. Kiini hutekeleza amri ya ecall ili kuomba huduma za SBI. Kundi la huduma hutajwa katika rejista ya a7 na huduma mahususi katika a6. Majibu hurudi mawili: a0 huwa na hitilafu ikiwa ipo, a1 huwa na thamani. Rejista nyingine zote lazima zirudi kama zilivyokuwa. Nambari ya kundi la huduma za saa ni 54494D45, ambayo ikisomwa kama herufi huwa TIME. La muhimu zaidi ni kwamba mna huduma ya kuuliza iwapo kundi fulani la huduma lipo. Kiini hakilazimiki kudhani. Huuliza kwanza, kikiambiwa halipo hutafuta njia nyingine.

Makubaliano Yanapovunjwa

Athari za kuvunjwa kwa makubaliano si za nadharia tu. Mwaka 2013 ilibainika kwamba baadhi ya vipakatalishi vilikataa kuwaka kabisa baada ya nafasi ya kuhifadhia vigeugeu vya UEFI kujazwa kupita kiasi. Kiini kilikuwa kimetumia SetVariable kihalali, kikihifadhi taarifa za hitilafu ili zichunguzwe baadaye. Kila ombi lilikuwa sahihi kisarufi. Famuwea ilikubali yote, kisha ikashindwa kuamka. Wanalinux walijibu kwa kuongeza sharti ambalo halimo katika maandishi ya UEFI: kiini kikatae chenyewe kuandika nafasi inapokaribia kujaa.

Mwaka 2016 kulizuka tatizo jingine. Linux huvionyesha vigeugeu hivyo kama faili katika saraka. Aliyetoa amri ya kufuta kila kitu kwenye diski alifuta pia vigeugeu hivyo bila kujua, na katika mashine chache famuwea haikuweza kuwaka bila hivyo. Kuweka mfumo endeshi upya hakukusaidia, kwa kuwa kilichoharibika hakikuwa kwenye diski. Tangu wakati huo, Linux huzifunga faili nyingi za aina hiyo zisifutike hadi mtumiaji azifungue kwa makusudi.

Visa hivi vinaonyesha mipaka ya kaida ya wito. Kaida husema ombi lipangwe vipi. Haisemi iwapo anayeitwa ni mwaminifu au ni hodari. Ndiyo maana kiini cha kisasa huita kwa hadhari. Katika x86-64, famuwea hutengewa ramani yake ya kumbukumbu, tofauti na ile ya kawaida ya kiini. Famuwea ikigusa anwani isiyoruhusiwa, Linux hujaribu kuyanusuru maisha ya mashine: huzifunga huduma za kudumu za UEFI, huandika onyo, na kuendelea bila hizo.

Hitimisho

Makala haya yamefafanua namna kiini cha mfumo endeshi kinavyoiomba famuwea huduma, kuanzia nambari za BIOS na majina ya Open Firmware hadi rejista za UEFI na hodi za ARM na RISC-V. Imebainika kwamba mashine hizi zote hukabiliwa na tatizo moja. Wahusika wawili walioandikwa na watu wasiojuana, pengine kwa miaka tofauti, hukutana ndani ya prosesa bila chochote cha kuwaunganisha ila kaida iliyoandikwa. Nafasi, mpangilio wa baiti, upana wa nambari na alama ya kushindwa lazima viafikiwe kabla ya neno la kwanza kutamkwa. Pasipo maafikiano, kinachotokea aghalabu si ukimya bali ni maana nyingine.

Kwa wasomi wa Kiswahili, kuna funzo la ziada. Dhana za nafasi, kiambishi, ngeli na mpangilio wa hesabu zilizotumiwa hapa si mapambo ya kurahisisha mambo. Ni zana za uchanganuzi ambazo taaluma ya Kiswahili imekuwa ikizinoa kwa miongo mingi, nazo zinatosha kueleza kinachotendeka katika tabaka la ndani la tarakilishi. Kinachohitajika ni istilahi zinazotumiwa kwa uthabiti. Kama ‘rejista’ itamaanisha kijisanduku cha prosesa katika ukurasa mmoja na mtindo wa lugha katika mwingine, muktadha ubainishwe. Kama ‘kaida ya wito’ itafaa, itumiwe na wote. Kama haifai, ipendekezwe nyingine na ijadiliwe. Istilahi nayo ni makubaliano. Neno zuri ambalo kila mwandishi amelitia katika nafasi yake mwenyewe halimfikii msomaji, sawa na anwani iliyoachwa katika RDI ilhali anayesoma ameelekeza macho katika RCX.